Mtumbwi wa Wilondja Ndani ya Kanisa

Simu ilinikuta Kalemie, katika mgahawa wa karibu na bandari, nikiwa nimekaa kiti cha mlangoni kama ninavyokaa kila mahali. Sauti ya mwanamke ikasema, "Sifa, Mama Mwavita ametuacha. Na kule kanisani kwao bangali banabishana kama kwaya itaimba ao haitaimba." Alikuwa Mama Rosalie, jirani yake wa Baraka. Mtu mwingine angesikia sehemu ya kwanza ya habari hiyo na kuanza kulia. Mimi nilisikia sehemu ya pili, kwa sababu nilijua vizuri maana yake. Katika kanisa lile maiti anayeimbiwa na kwaya amekwenda kwa Mungu. Asiyeimbiwa, kila mtu makaburini anajua amekwenda wapi, ingawa hakuna anayetaja jina la mahali hapo mbele ya wafiwa. Nikaacha chai yangu, nikatafuta pikipiki ya kunifikisha Lulimba, kisha nyingine ya kupanda Fizi na kushuka ziwani. Njia nzima, vumbi likinijaa mdomoni, sikumfikiria marehemu kama alivyokuwa mwisho wake, maana mwisho wake sikuuona. Nilifikiria mwaka mmoja tu.

Nimekaa miji mingi. Nimeuza vitenge Uvira, sabuni Kigoma, samaki wakavu Lubumbashi, na kila mahali nimepanga chumba bila kununua kitanda, kwa kuwa kitanda ni kizito kubeba. Lakini ukiniuliza nilikaa wapi, yaani kukaa kweli, nitakuambia Baraka, mwaka ule niliomaliza shule ya sekondari nikiwa mkubwa kuliko inavyostahili, kama wengi wetu tuliorudi kutoka ng'ambo ya ziwa baada ya vita. Habari za ukoo wangu naziacha. Inatosha kusema kwamba nilihitaji pa kulala, na Mama Mwavita alikuwa na chumba. Binti yake, Mwavita mwenyewe, alikuwa amebaki Kigoma na mume. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, na ukuta wa matete uliopakwa udongo ambao haukufika juu. Kila lililosemwa sebuleni lilipanda, likapita juu ya ukuta, likanishukia. Nilijua nani amekohoa, nani ameongeza chumvi, nani amesema uongo. Vita vilikuwa vimenifundisha kusikiliza kwanza na kuamini baadaye, na chumba kile kikanipa kazi ya kudumu.

Mume wake, Wilondja, alikuwa mvuvi mwenye kifua kipana na mzaha usiokwisha. Asubuhi alirudi kutoka ziwani na mikeke michache, samaki wa ziwa letu, Mama akaichoma juu ya makaa, tukaila na muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai. Mimi nilichukua kigoda changu nikakaa mlangoni. "Angalia huyu," Wilondja alimwambia mkewe siku ya kwanza, akinielekezea mwiba wa samaki. "Anakaa karibu ya mulango sawa mwizi wa kuku. Sifa, mutoto wangu, hapa nani atakufukuza?" Nikamjibu kwamba niko sawa pale. "Sawa, kaa. Lakini ukiiba kuku, kimbia na ule mweusi, ananipandaka juu ya nyavu." Mama Mwavita hakucheka kwa sauti. Alikuwa na namna ya kuinamisha kichwa na kutikisa mabega, kisha akasema, "Kula, Baba Mwavita, maneno hayashibishe." Nilichunguza mapenzi yao kwa miezi kama mtu anayepima noti dhidi ya jua. Sikuona kasoro, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Kasoro ilikuwa mahali pengine. Nilipofika, Wilondja alikuwa ametengwa na kanisa. Nyavu zilikuwa zimekaa muda mrefu bila kushika kitu, wenzake wa mtumbwi wakamwita mzee mmoja anyunyizie dawa, na Wilondja alionekana pwani akiwa pamoja nao. "Mi nilishika tu bakuli," alikuwa akieleza kila aliyeuliza na hata wasiouliza. "Muzee ana mikono mibili: moja ya majani, moja ya kunyunyiza. Bakuli ingeshikwa na nani?" Wazee wa kanisa hawakucheka. Waliotengwa hawakuimba, hawakusalimiwa kwa mkono ndani ya kanisa, hawakukaribia Meza ya Bwana, na walikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka Pasta ashuke kutoka Fizi kuwapokea tena. Na hapa ndipo mzaha wa Wilondja ulipopata chakula. Benchi lile lilikuwa ubao wa mtumbwi wake wa zamani. Yeye mwenyewe aliutoa kwa kanisa miaka ya nyuma, ulipopasuka, nao wakaupigilia miguu bila kuuondoa mpindo wake, hivyo aliyekaa mwisho alikuwa juu kidogo kuliko aliyekaa katikati. "Bamenifukuza kanisani," alisema, "bamenirudisha ndani ya mutumbwi wangu. Sasa hii ni azabu gani?"

Aliyemtenga alikuwa Mwinjilisti Etabo, aliyelichunga kanisa letu wakati Pasta hayupo, na Pasta alikuwa hayupo karibu siku zote. Ningependa kuandika kwamba alikuwa mnafiki. Nilimchunguza kwa bidii ili niweze kusema hivyo siku moja. Lakini Etabo alilima shamba lake mwenyewe, alibeba wagonjwa mgongoni kuvuka mto, shati lake jeupe lilikuwa moja na alilifua kwa mkono wake. Alisema kwa sauti ya chini, hata alipokuwa akihubiri jehanamu, na alihubiri jehanamu mara nyingi. Kanisa lilikuwa la matofali bila vioo, na kupitia matundu ya madirisha ziwa lilionekana lote, limelala, la buluu mpaka kwenye milima ya ng'ambo. Etabo alinyoosha mkono bila kugeuka, akasema, "Munaona ziwa yetu? Munajua mwisho wake? Sasa ile ya moto haina ng'ambo." Watoto walijikunyata. Akataja wanaoingia humo: wachawi, wazinzi, wenye dawa, na waongo. Juu ya waongo alikuwa mkali kupita wote. Alisema mwongo ana nafasi yake iliyokwisha kutengenezwa, inamngoja. Jumapili hiyo, tukirudi nyumbani, Wilondja alinong'ona, "Kama ni ziwa, basi bavuvi tutahitajika."

Meza ya Bwana ilikuwa ifanyike mvua zikipungua. Wilondja alikuwa tayari. Alinyolewa, akatoa koti lake likapigwa pasi ya makaa, akafanya mazoezi ya kusema maneno ya toba mbele ya mkewe bila kuongeza mzaha, na mara zote alishindwa mwishoni. Lakini mvua hazikupungua. Mto ulijaa, barabara ya kushuka kutoka Fizi ikakatika, na Pasta akatuma neno kwamba pikipiki imekwama, atakuja Jumapili inayofuata. Katikati ya juma hilo mshipa wa ngiri wa Wilondja, uliokuwa ukimvimba kila alipovuta nyavu nzito, ulijifunga. Tulimpeleka hospitali kwenye machela. Alikufa Ijumaa. Pasta alifika Jumapili, matope mpaka magotini, na koti lililopigwa pasi lilikuwa limeshazikwa.

Sijaona maziko ya namna ile tena, na nimeona maziko. Watu walikuja wengi, kwa kuwa alipendwa. Kwaya nzima ilikuwepo, wamesimama na nguo za kawaida, midomo imefungwa. Mwinjilisti Etabo alikuja na jembe, akaingia kaburini na kuchimba pamoja na wanaume wengine mpaka shati jeupe likawa jekundu, lakini hakufungua Biblia na hakusema neno. Akina mama wa ukoo walianza wimbo wenyewe. Hawakuwa na mtu wa kuongoza sauti ya pili, wimbo ukayumba, ukafa njiani. Mama Mwavita alitazama kwaya. Hakulia. Aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta chake sokoni katika vitu vilivyoibwa.

Pasta alikula kwetu Jumapili hiyo pamoja na Etabo, kwa sababu wageni wa kanisa siku zote walikula kwa Mama Mwavita, na yeye hakubadilisha desturi hata akiwa na kitambaa cha matanga kichwani. Nilikuwa chumbani. Nilisikia sahani, bugali ukikatwa, sombe, yale majani ya muhogo yenye mawese, ikisifiwa. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni la kunawia, na katikati ya mmimino huo, bila kupandisha sauti, Mama akauliza, "Pasta, Wilondja iko wapi?" Maji yakaacha kumiminika. Pasta akasema Mungu peke yake anajua moyo wa mwanadamu. Mama akasema, "Hiyo najua. Niliuliza fasi, pahali alipo." Ndipo sauti ya chini ya Etabo ikaja: "Mama, tusikudanganye. Muntu aliyetengwa, kama anakufa mbele ya kupokelewa, anakufa inje." Pasta akakohoa. Mama akasema, "Kwa hiyo kama mvua ingekatika mapema, angekuwa mbinguni." Nikasikia beseni likisogezwa. "Naweni mikono," Mama akasema, na maji yakaanza tena.

Baadaye wanaume hao wawili walitoka uani, wakasimama nyuma ya ukuta wangu. Pasta alikuwa na hasira. "Nilikuambia zamani, kwa mugonjwa wa kufa, mwinjilisti anaweza kupokea muntu. Ulienda hospitali ao hukuenda?" Etabo akasema alienda. "Na?" Etabo akasema, "Nilimuuliza kama anatubu ile dawa. Akanijibu eti alishika tu bakuli. Akacheka, Pasta. Muntu iko mbele ya hukumu na anacheka. Nikangoja. Hakusema ingine. Nikatoka." Pasta akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira, "Etabo, Etabo. Ungemupa tu mukono."

Tangu siku hiyo mahubiri ya jehanamu yalizidi. Ziwa la moto likawa halikosi Jumapili. Wengine walisema Mwinjilisti amejazwa nguvu mpya. Mimi, katika kiti changu cha pembeni, nilishuku kitu kingine, na hadi leo sijaacha kukishuku: kwamba alihitaji Wilondja awe motoni. Kama Mungu alimpokea mtu yule na mzaha wake, basi Etabo alimnyima mkono mtu ambaye Mungu hakumnyima. Jehanamu ilikuwa lazima iwepo, iwe na moto mkali na isiwe na ng'ambo, ili yeye awe amefanya sawa pale kitandani. Nimesikia wahubiri wengi tangu hapo, katika mahema, chini ya maturubai, na vipaza sauti. Kila anayeupenda sana moto, namtazama usoni na kujiuliza alimwacha nani kitandani bila kumpa mkono.

Nilimwambia Mama Mwavita nilichosikia. Tulikuwa uani na Mama Rosalie, tukichemsha ngazi, matunda ya mchikichi ya kukamulia mawese, katika pipa, moshi ukitufuata kila tulipohama. Nilidhani nampa habari kubwa. Aliendelea kusukuma kuni ndani. "Nilikuwa pale," akasema. "Vitanda bilikuwa bimejaa, nililala chini ya kitanda cha mugonjwa wangu, juu ya mukeka. Mwinjilisti aliingia, nikaona viatu vyake. Nilisikia yote. Wilondja alikuwa na maumivu mpaka meno inagongana, na bado akatafuta mzaha, kwa sababu hakutaka nimusikie akilia." Akasukuma kuni nyingine. "Sasa Mungu hajue mzaha? Aliumba Wilondja bila kujua mzaha?"

Mama Rosalie alikuwa Mkatoliki wa kuzaliwa, na hakuwahi kukosa neno. "Kosa lenu njo hilo," akasema, akifuta macho kwa upande wa mkono. "Ninyi Baprotestanti muko na milango mibili tu. Sisi tuko na fasi ya kungojea. Muntu anakaa, anachomwa kidogo, anatakata, tunamuombea misa, anapita. Ungeleta Baba Mwavita kwetu, saa hii angekuwa kwenye foleni na bengine, anabachekesha." Mama Mwavita aliinamisha kichwa, na mabega yakatikisika kwa mara ya kwanza tangu maziko. Kisha yakaendelea kutikisika, na tukaona kwamba sasa si kicheko. Mama Rosalie akaacha mti wa kukorogea, akamshika. "Rosalie," Mama akasema ndani ya kitenge cha mwenzake, "bananiambia mi nitaenda mbinguni. Nitakula namna gani kule, na harufu ya moto wake inanifikia?"

Jumapili iliyofuata alivaa vizuri. Sikuona lolote la kunitahadharisha, mimi niliyejisifu kwamba naona kila kitu. Tuliingia pamoja. Nafasi yake ilikuwa mbele, upande wa akina mama wazee wa kanisa, na tayari walikuwa wamemsogelea ili akae. Yeye aligeuka mlangoni, akaketi kwenye ubao wa mtumbwi, mahali pa juu kidogo, pa mwishoni. Watu walidhani ni uchovu wa kufiwa. Etabo alipoona hatoki, alishuka kutoka mbele, akapita katikati ya kanisa zima, akasimama mbele yake.

"Mama, umefanya kosa gani?"

"Hapana kosa."

"Basi rudi mbele. Hii fasi si yako."

"Ni ya bwana wangu. Mbao ni yake, na fasi ni yake. Ulisema alikufa inje. Mi pia nitakaa inje." Alisema kwa adabu, macho chini, kama mwanamke anavyosema na mtumishi wa kanisa. "Kama Mungu ni mwema vile munasema, siku moja atakuja kuangalia bantu bake ba huku nyuma. Kama hatakuja, basi mi niko na wangu."

Etabo alisimama pale. Sikuona uso wake, niliona mgongo tu. Kisha akarudi mbele na kufungua wimbo, na Mama Mwavita hakuimba, kwa kuwa waliotengwa hawaimbi.

Niliyaona hayo kwa miezi iliyobaki ya mwaka ule, na nitasema kweli, nilimshuku hata yeye. Nilijiuliza kama ni mapenzi au ni kisasi. Mwanamke anayekaa Jumapili baada ya Jumapili mbele ya macho ya mtu aliyemnyima mumewe mkono, bila kugomba, bila kumsema vibaya, akipika bado chakula cha Pasta na kupeleka mawese ya sikukuu, huyo anaweza kuwa mtakatifu, na anaweza kuwa mwiba uliochomekwa kwa makusudi. Meza ya Bwana ilipofika, Pasta mwenyewe alimnyooshea mkono mbele ya wote. Akasema, "Asante, Pasta. Tupokee babili ao tuache." Pasta akarudisha mkono. Siku moja, akinisuka nywele, nilimuuliza waziwazi kama anamwadhibu Etabo. Alivuta nywele zangu mpaka machozi yakanitoka. "We Sifa," akasema, "kila kitu unatafuta nyuma yake kuna nini. Siku ingine kitu ni kile tu unaona." Lakini hakusema hapana. Hilo nililitambua.

Nilifanya mtihani wa Serikali, nikapita, nikapanda boti, na sikurudi kukaa. Habari zilinifikia vipande vipande kwa watu wa njiani. Kwamba Mama Mwavita bado yuko nyuma. Kwamba wazee walimzoea, kisha wakafa mmoja mmoja, na wapya hawakujua vizuri ilianzaje. Warundi walipokimbilia huku na kujazana kando ya ziwa, wengi wao waumini, waliingia kanisa lile kwa aibu ya wageni, wakaona benchi la mlangoni na mama mzee amekaa amenyooka, wakadhani kanisa limemweka pale kupokea watu. Wakamsalimia kwa mikono miwili. Wakakaa karibu naye, na watoto wao, na mikoba yao, mpaka ubao ule ukawa haubaki wazi. Hakuna aliyewaeleza kwamba hapo ni mahali pa waliotengwa. Mama Rosalie aliponisimulia kwa simu alicheka mpaka akakohoa. "Hajabaeleza, Sifa! Anabasogezea tu, anasema karibu, karibu."

Hivyo nilifika Baraka siku ya maziko, nikaenda moja kwa moja makaburini, nikasimama pembeni. Kwaya ilikuwepo, safari hii na majoho, lakini walitazamana. Wazee wa kanisa walikuwa wamekusanyika wakibishana na kunyoosheana vidole. Mmoja wao, kijana kiasi, alikuwa akisema kanuni haina umri, kwamba marehemu alikataa mkono wa Pasta mbele ya watu, na kama tukimwimbia yeye, tutawaambia nini waliotengwa leo? Sikumchukia. Alisema kile alichofundishwa, na niliyajua maneno yale yalitoka kwa nani.

Ndipo Etabo akasogea. Sikumtambua mpaka aliposema. Alikuwa amekunjamana, anaegemea fimbo, shati jeupe limemzidi mabega. Kazi ya uinjilisti aliiacha zamani, lakini watu wote walimgeukia. "Musibishane," akasema kwa sauti ile ya chini. "Nilienda kwake akiwa mugonjwa. Mama Mwavita alitubu mbele yangu. Nilimupokea. Imbeni." Akatazama kwaya, na kwaya, ambayo pengine ilikuwa ikingoja ruhusa yoyote ile, ikafungua midomo. Waliimba sauti zote nne. Warundi walidaka kiitikio kwa Kirundi, udongo ukaanza kushuka, na wanawake wakalia kwa sauti kama inavyopasa.

Mama Rosalie alinishika kiwiko. Amezeeka, lakini ulimi ni uleule. "Mi nililala karibu yake siku zote za ugonjwa," akaninong'oneza. "Mwinjilisti alikuja, kweli. Alikaa kwenye kiti, kofia juu ya magoti. Hajauliza kitu, na Mama hajasema kitu. Toba ilikuwa wapi, Sifa? Ndani ya kofia?" Nikamtazama. Mkatoliki akishuhudia juu ya toba ya Waprotestanti, labda naye ana lake. Labda alitoka kuchota maji, labda alisinzia. Nilitaka asiwe amesikia vizuri, kisha nikataka awe amesikia vizuri, na sikujua lipi baya zaidi: kwamba Etabo amesema uongo juu ya kaburi, au kwamba Mama Mwavita, baada ya miaka yote ile, mwishoni alimwacha Wilondja peke yake huko nje.

Watu walipotawanyika kwenda kula, sikumwona Etabo kati yao. Nilimkuta kanisani. Matundu ya madirisha sasa yana vioo, lakini ziwa ni lilelile. Alikuwa amekaa nyuma, juu ya ubao wa mtumbwi, katikati penye bonde, fimbo kati ya magoti. Nilisimama mlangoni.

"Wewe ni yule musichana wa chumba," akasema. "Wa kusikiliza."

"Ndiyo, Mzee. Ile siku ya hospitali, kwa Wilondja. Mama Mwavita alikuwa chini ya kitanda. Alisikia kila neno." Sijui kwa nini nilimwambia. Nadhani nilitaka kumwona akianguka.

Hakuanguka. "Najua," akasema. "Niliona miguu yake, ilitokea pembeni." Alizungusha fimbo polepole. "Unafikiri nilitoka sababu ya kanuni? Nilitoka sababu alinicheka, na bibi yake anasikia. Niliona haya. Nikasema, atatuma muntu kuniita, nitarudi. Hakutuma. Kisha niliposimama mbele ya bantu, nilikuwa na lazima ya kusema kitu."

Nje, watoto wa Kirundi walikuwa wakicheza na ganda la mchikichi, wakilivuta kwa kamba kama gari. Nilimngoja amalize, na alikuwa amemaliza. Kwa hiyo nikauliza lile nililokuja nalo kutoka Kalemie, bila kulijua, kwa pikipiki mbili na vumbi lote lile.

"Mzee, Mama Mwavita alitubu ao hakutubu?"

Alitazama mbele, kwenye mimbari aliyosimama miaka mingi akinyoosha mkono kuelekea ziwani bila kugeuka. Sasa aligeuka, akalitazama. "Fasi ya baongo," akasema, "nilibafundisha mimi mwenyewe. Sijasahau hata neno moja." Kisha, kama mtu aliyekumbuka adabu, akasogea juu ya ule ubao, akaniachia nafasi upande wa ndani, mbali na mlango.

Nikaingia, nikakaa.